Kupitisha piesi za gari ku Kasumbalesa: duane inaanzia mu duka

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, ku mupaka wetu na Zambia, ni kilometa 90 na kitu tu, ukitoka saa kumi na mbili asubuhi na njia iko muzuri, mapema sana uko ku bariera, kisha unavuka, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, na ukitaka unasukuma mpaka Ndola, kule piesi za Toyota ziko nyingi na beyi inakubali. Kuenda haina shida. Shida iko ku kurudi na muzigo. Batu wengi banafikiri duane inaanzia pale ku meza ya duanie, miye nawaambia bandugu, duane inaanzia mu duka kwenye unalipa, ile dakika muuzaji anashika biki aandike faktire.

Nilijifunza kwa uchungu. Kulikuwa papa mmoja taximan wa hapa kwetu Katuba, Noah yake bati ya vitese ilikufa, akanipa franga zake zote nimutafutie ingine kule ngambo. Nikapata moja ya okazyo, muzuri, nikachukua na amortisere mbili, plaketi za kutosha na karton ya filtre za kuuzisha mu garaji. Muuzaji akaandika mustari mumoja tu, "spares", na jumla chini. Nikaona sawa, jua lilikuwa linashuka, nilitaka kuvuka. Ku bariera sasa, nani atajua mu ile jumla bati ni dola ngapi na filtre ni dola ngapi? Ikabidi kila kitu kipangiwe valere yake pale pale, na miye sikuwa na karatasi hata moja ya kujitetea nayo. Siku tatu nimelala juu ya karton. Kila asubuhi yule papa ananipigia, haniulizi kwa hasira, ananiuliza tu kwa upole kama nimeshavuka, na nilikuwa najua watoto wake banakula juu ya ile gari. Tangu ile siku siondoki mu duka kama faktire haijatimia.

Sasa tupange kwa mufuatano.

Mbele ya kuondoka Lubumbashi, fungua kapo ya gari ya kiliya wako upige foto ya ile plakete ndogo ya chuma. Pale kuko namba ya shasi, model, code ya motere na code ya bati, ku Toyota tafuta kwenye baliandika TRANS/AXLE. Usiende na maneno "bati ya Noah", Noah ziko nyingi na bati zake zinatofautiana. Kama ni kitu kidogo kama plaketi ya freni, tafuta namba ya piesi yenyewe, Toyota inapanga tarakimu tano, kistari, tarakimu tano ingine, na zile tano za kwanza zinasema kitu ni nini: 04465 ni plaketi za mbele, 04466 ni za nyuma. Ukijua hivyo tu tayari muuzaji hawezi kukupa za nyuma akikuambia ni za mbele.

Na hapa nisimame kidogo, sababu ni makosa naona kila mwezi. Kule Zambia banaendesha upande wa kushoto, hapa kwetu ni upande wa kuume. Magari mengi tunayo yako na volan kuume, lakini si yote, basi kama gari ya kiliya iko na volan kushoto usimununulie kremayere ya volan ao dashibodi kule bila kuuliza mara mbili. Ile unaona kwa macho. Lakini fare hauoni! Fare yenye ilitengenezwa kwa inchi za kuendesha kushoto, mwanga wake unapanda upande wa kushoto, kule ni ukingo wa barabara, unaangaza batu ya miguu na nyasi. Hapa kwetu upande wa kushoto njo kwenye gari ingine inakuja, unamupiga mwenzako mu macho usiku mzima ku njia ya Likasi. Kama uko na namna ya kupata fare za inchi za kuendesha kuume kama kwetu, lipa zaidi kidogo, ni maisha ya batu.

Twende ku faktire. Iwe na jina la duka, adresi, na namba yake ya impo, kule banaiita TPIN. Tarehe. Jina lako vile liko ku pasipoti, hapana jina la mutaa. Kisha kila piesi mustari wake: jina, namba ya piesi, mupya ao okazyo, ngapi, beyi ya moja, jumla ya mustari. Chini jumla kubwa na iandikwe wazi ni kwacha ao ni dola, sababu ukiacha tarakimu bila jina la franga, kuko mutu atazisoma dola. Omba kashe na sinyature. Kama muuzaji anasema hana nafasi, muambie kwa heshima, "Boss, bila hii muzigo wangu hauvuki", na kama anakataa kabisa, rudisha piesi, nenda duka lingine. Nimesharudisha bati ya dola 400 juu ya faktire na sijutii.

Neno "okazyo" usilifiche. Piesi ya zamani yenye imeandikwa mupya unalipa valere ya mupya, na mupya yenye imeandikwa zamani ni uongo, ukifunguliwa karton unaonekana. Tena kuko bauzaji benye banakuuliza wenyewe kama unataka faktire mbili, moja ya kweli, moja ya kuonyesha. Usikubali. Duane iko na beyi za vitu vya namna moja vyenye vilipita mbele yako, wakiona tofauti kubwa ile faktire yako inatupwa, na Kode ya duane ya 20 Agosti 2010 iko na amande na kukamata muzigo kwa valere ya uongo. Na ukipata aksida ku njia, asuransi italipa ile valere ndogo uliandika.

Pembeni ya kila mustari andika wewe mwenyewe namba ya tarifu. Hii batu wachache banafanya na njo inaokoa wakati kuliko yote. Kuko mupango wa dunia wa kupanga vitu vya biashara kwa namba, ulianza 1988, na tarakimu sita za kwanza ni zile zile Zambia, Kongo, Japani, popote. Plaketi na freni 8708.30, bati ya vitese 8708.40, amortisere 8708.80, radiatere 8708.91, ambreyaji 8708.93. Lakini si kila kitu cha gari kiko mu 8708! Motere nzima ya esanse iko 8407, ya mazuti 8408, piesi za ndani ya motere kama pistoni na kulasi 8409, filtre 8421, rulema 8482, demarere na buji 8511, fare 8512, batri 8507, pine mupya 4011 na ya zamani 4012, pare-brizi 7007. Faida yake ni hii: faktire ya Zambia iko kwa Kingereza na deklarasyo yetu iko kwa Kifaransa, neno linaweza kugeuka mu njia, namba haigeuki.

Sasa karatasi zako wewe. Mwenye anafanya biashara kabisa anapaswa kuwa na RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), namba ya impo na namba ya importateri. Kama hauna, unapitia kwa mutu ao kampuni yenye iko nazo, na kazi yote ya kuingiza deklarasyo inafanywa na deklara. Chagua deklara mbele ya kusafiri, hapana pale ku bariera kwenye vijana kumi banakuvuta mukono. Mutumie foto ya faktire tangu uko mu duka Kitwe, aanze kupanga, ili ukifika na muzigo deklarasyo iko njiani. Muulize bei ya kazi yake kando, na makuta ya Leta kando, kwa maandishi, hata ku WhatsApp. Miye deklara mmoja aliwahi kunipa jumla moja ya mudomo na ile jumla ikazaa watoto mpaka jioni. Mutu wa kweli hana woga wa kutenganisha.

Hesabu uifanye wewe mwenyewe pia, si ngumu. Duane haiangalii beyi ya duka peke yake, inachukua beyi, plus transpor, plus asuransi mpaka ku mupaka, njo banaita CIF. Tuseme piesi zako ni dola 620, na transpor na asuransi ni 80, CIF ni 700. Tarifu yetu iko na ngazi, 5, 10 na 20 kwa mia, deklara atakuonyesha ngazi ya kila namba. Tuchukue mfano wa 10: 70 ya duane. TVA ni 16 kwa mia, iko tangu Januari 2012, lakini haihesabiwi juu ya 700, inahesabiwa juu ya 700 na ile 70 pamoja, kwa hiyo 16 kwa mia ya 770 ni 123,20. Duane na TVA vinakuwa 193,20. Juu yake kuko gharama za serivisi kama OCC (benye banakontrole vitu) na kazi ya deklara. Ukiwa na hii tarakimu mu kichwa, hata mutu akikuambia 500 unajua kuuliza swali la kwanza: "Papa, ni namba gani ya tarifu na ngazi gani?"

Batu bananiuliza sana juu ya COMESA, kundi la biashara la inchi za Afrika ya mashariki na ya kusini, sababu Zambia na Kongo zote ziko ndani. Ile cheti cha origini inasaidia kitu chenye kimetengenezwa mu inchi za kundi. Plaketi ya Japani haigeuki ya Zambia juu ulinunua Kitwe. Usipoteze siku kuitafuta.

Kupakia. Motere na bati za okazyo, toa mafuta yote kule kule kwenye ulinunua, acha ikauke, ziba matundu na vitambaa, funga na plastiki. Mafuta yakivuja yanaharibu karton za chini na kila mutu mwenye anagusa muzigo wako anakasirika, na ni haki yake. Batri isimame wima. Kila karton andika namba yake na marker kubwa pande mbili, 1, 2, 3, na ufanye liste ya kolisaji: karton 1, plaketi pea nane, kilo fulani, karton 2, filtre, na kuendelea. Kitu kizito kiweke chini lakini mahali mukono unafika. Mara ya mwisho nilipita, duanie, kijana tu, alisoma liste, akasema, "Papa, nionyeshe namba tatu." Nikavuta karton namba tatu, nikafungua, amortisere mbili ziko na etiketi na namba ile ile ya ku faktire. Akaweka kidole juu ya karatasi, akaweka kidole juu ya etiketi, akapiga alama ya choki, basi. Karton zingine hakugusa. Foto ya namba ya motere yenye imepigwa mu chuma uwe nayo ku simu pia, na faktire iitaje, sababu motere bila namba inaleta maswali ya wizi, na yale maswali si ya duane tena.

Ukitoka Zambia usipite kimya. Simama kwa ZRA, njo duane ya Zambia, onyesha kwamba piesi zinatoka, upate kashe ya kutoka. Batu banaruka hii juu hakuna mutu anawakimbiza, kisha upande wetu banaulizwa karatasi ya kutoka na banapaswa kurudi nyuma na miguu mu katikati ya kamyo. Kama uliingia na gari yako mwenyewe, rudisha ile ruhusa ya muda ya gari uliyopewa wakati wa kuingia, na yelo kadi ya COMESA (asuransi ya gari ya kuvuka mupaka) iwe ingali hai mpaka siku ya kurudi.

Kamyo, ndiyo. Foleni ya kamyo za shaba ku Kasumbalesa kila mutu wa huku anaijua. Usiweke piesi zako ndani ya kamyo kubwa ya mutu mwenye muzigo wake haujapanga karatasi, ata kama anakuomba bei kidogo, sababu ukisha kuwa ndani yake wewe ni mateka wa karatasi yake.

Upande wetu sasa. Dekreti namba 036/2002 ya 28 Machi 2002 inataja serivisi zenye ziko na haki ya kukaa ku mupaka: duane, wakati ule ilikuwa OFIDA na leo ni DGDA, OCC kwa kukontrole vitu, DGM kwa pasipoti, na hygiène kwa afya, pale njo banaangalia kadi yako ya manjano ya shanjo. Kariri hizi ine. Mutu mwingine akija na daftari lake, salimia vizuri, muombe aonyeshe karatasi yenye inamutuma, na umuite deklara wako aongee. Usipige kelele, usitukane, heshima ku bariera inafungua mulango kuliko nguvu. "Mukubwa, nitalipa, lakini nipe kitansi" ni maneno yenye nimesema mara nyingi, na mara nyingi mazungumuzo yanaishia pale.

Deklarasyo inaingia mu Sydonia, programu ya ordinatere ya duane, na mashini yenyewe inaipa rangi. Kijani muzigo unaachiliwa, manjano banasoma karatasi, nyekundu banafungua karton, bulu unaachiliwa lakini banaweza kukufuata nyuma ku biro yako. Rangi si ya kununua, mwenye anakuambia atakugeuzia nyekundu ikuwe kijani anataka tu makuta yako. Ukifika nyekundu na karton zimepangwa vile nimesema, ni saa moja, mbili.

Kisha unapata buletini ya likidasyo, karatasi yenye inaonyesha ngapi unalipa, na makuta ya Leta yanaenda ku banki, haiendi ku mukono wa mutu, hata kama ni deklara wako wa miaka kumi. Enda naye ku giché ama tuma mutu wako, ukamate kitansi wewe mwenyewe. Mapema ni muzuri, kuliko kukimbizana na saa ya kufunga. Na kitu kidogo cha kujua: Lubumbashi na Zambia tuko na saa moja, lakini Kinshasa iko nyuma saa moja, kwa hiyo kama kitu chako kinangoja jibu la kule, saa mbili ya kwetu kule bado ni saa moja, batu bangali ku njia ya kazi. Na kitansi na bon ya kutoa muzigo, njo unaondoka.

Kwa wenye banaagiza kontena nzima ao nusu gari kutoka Japani ao Dubai kupitia Dar es Salaam, kazi ni ingine, muzigo unapita Tanzania na Zambia mu transit, na plombe ya ku mulango (kile kifungo cha chuma chenye namba) haigusiwi na mutu mpaka ifike. Angalia namba ya plombe ku karatasi na ku chuma, tarakimu kwa tarakimu, siku inapakiwa na siku inafika. Ku konesma, karatasi ya meli ya muzigo, iandikwe tangu mwanzo kwamba muzigo unaenda Lubumbashi mu transit, kurekebisha kisha kufika Dar ni gharama na wiki. Ku ndege kuko kitu kingine: airbag, batri za asidi na amortisere za gazi zinahesabiwa vitu vya hatari, usizifiche katikati ya vitu vingine, zitangaze, ndege ni roho za batu.

Njia za mapori sizifundishi. Najua kuko njia za pori, kuko vijana benye banabeba ku baiskeli usiku, na sihukumu mutu mwenye anatafuta kula. Lakini piesi bila kitansi inakamatwa hata mu rafu ya duka lako Kamalondo miezi sita kisha kupita, na ile siku hauko na kitu cha kusema.

Ukisha toka Kasumbalesa weka faktire, deklarasyo, kitansi na bon ndani ya plastiki moja, mbele, hapana chini ya muzigo, sababu mbele ya kufika mujini unaweza kusimamishwa tena na kuombwa kuonyesha, na mwenye anatoa karatasi bila kuteremuka anaendelea na njia. Kopi piga mbili pale pale kama kuko umeme. Orijinali kamata mwenyewe kwa miaka, mpe kiliya kopi.

Kwa bati na motere, miye naandika namba ya deklarasyo na tarehe na marker nyeupe juu ya chuma, pembeni ya namba yake, kisha naweka skochi juu ili mafuta isifute.